Kondoo Wageni na Kupe

Mkulima anunuaye kondoo na aulize kwanza walikozaliwa. Ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliojulikana mwaka 1910, huletwa na kupe wa kahawia akaaye masikioni. Kondoo waliozaliwa penye kupe hao aghalabu huwa na kinga. Balaa huwapata wageni watokao nchi isiyo na kupe. Mgonjwa hushikwa na homa kali, kisha huhara, pengine damu, na makamasi humtoka. Wengi hufa katika siku chache. Wenyeji wawapo wazima zizini, mwenye mali hudhani wageni wamelogwa! Dawa ya kuwaponya hakuna. Wageni na waoshwe joshoni kabla ya kutiwa malishoni, na tena kila juma. Akianza kuhara mmoja, Bwana Mifugo aitwe upesi.