Mwanao akileta gitaa nyumbani

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita jirani yangu hapa Kinyerezi alikuja kwangu amefura. Mwanawe wa kidato cha tatu ameuza simu yake akanunua gitaa la mtumba. Sasa kila jioni yeye na wenzake watatu wanapiga kelele kwenye banda la uani.

"Dada, lile gitaa nitalitia moto," aliniambia.

Nikamwambia akae kwanza, tunywe chai. Haya hayajaanza leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wazee wetu wakiwa vijana, Dar es Salaam ilikuwa na bendi za vijana. Watu wazima walikwenda kwenye dansi la NUTA Jazz au Dar Jazz. Vijana walikuwa na dansi lao la mchana, bugi, ambako bendi kama The Sparks zilipiga nyimbo za Kizungu.

Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1969 ilianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku kwenye madansi jijini.

Je, vijana waliacha magitaa? Hawakuacha. Mwaka 1970 Patrick Balisidya alianzisha Afro 70, magitaa yaleyale ya kisasa lakini akiimba Kiswahili. Wazee wengi hadi leo wakisikia nyimbo zake wanaongeza sauti ya redio.

Simaanishi kila mtoto atakuwa Balisidya. Namaanisha marufuku peke yake haimalizi jambo. Inalihamishia mahali usipoliona.

Nikamuuliza jirani, "Mara ya mwisho kumsikia mwanao akicheka ni lini?" Tangu baba yake afariki mwaka jana, mtoto huyo alikuwa haongei. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Juzi. Bandani."

Tukakubaliana akazungumze naye mambo matatu. Kwanza, masomo ya siku yaishe ndipo gitaa liguswe, na saa moja usiku linyamaze. Pili, wazazi wa wale wanne wajuane na wapeane namba. Tatu, wakiitwa kupiga kwenye sherehe, mtu mzima mmoja aende nao na arudi nao.

Na ile simu iliyouzwa? Hiyo mtoto ataisubiri. Kosa lina gharama yake, lakini gitaa halikutiwa moto.