Mwanachuoni Naye Ana Kazi

Wazazi wenzangu wa Unguja, kijana akisema anataka udaktari tunauza kiwanja tumsomeshe. Akisema anataka kuisomea tafsiri ya Qurani mpaka shahada ya uzamivu, tunamuuliza atakula nini. Swali hilo limeshatutia hasara kubwa.

Mwaka 1923 Qurani nzima ilitoka kwa Kiswahili, na mfasiri alikuwa Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza yenye kanisa lake Mkunazini. Mji ule ule ulikuwa na Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, bahari za elimu. Elimu ilikuwapo, kalamu ya Kiswahili ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1953 Waahmadiya nao wakatoa tafsiri yao. Sisi tulingoja mpaka 1969, ndipo Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyewahi kuwa mwalimu wa skuli, mzaliwa wa hapa hapa, alipoikamilisha tafsiri yake, Qurani Takatifu, ikachapwa Nairobi. Ifungueni mtazame maelezo ya chini ya aya, namna anavyowajibu Waahmadiya hoja kwa hoja. Hayaandikwi kwa ghera tupu maelezo yale. Sharti uwe umeisoma hoja ya mwenzio kama anavyoisoma mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu.

Wapo wanaohofu kuwa chuo kikuu kitamtoa mtoto katika dini. Sayyid Omar Abdallah, Mwinyi Baraka, alisoma Oxford, aliongoza Muslim Academy yetu, akabaki sheikh wa tarika mpaka kufa kwake.

Leo maisha ya bin Sumait kayaandika Anne Bang, Mnorwe. Historia ya elimu yetu ya dini kaiandika Roman Loimeier, Mjerumani. Wamefanya kazi ya heshima, siwalaumu. Lakini wajukuu wa wanavyuoni wale wanawasoma babu zao kwa Kiingereza! Na vijana wenye maswali ya bima, ya mikopo ya benki, ya kupandikiza figo, wanajibiwa kwa simu na masheikh wa mbali wasioijua Darajani wala Makunduchi.

Vyuo vikuu tunavyo, Tunguu na Chukwani. Wakfu tunaujua tangu zamani. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimelisha misikiti! Basi mwenye nyumba mbili na aiweke moja wakfu, kodi yake imsomeshe kijana mmoja mpaka amalize, kwa sharti kwamba atarudi kufundisha na vitabu vyake ataviandika kwa Kiswahili.