Akianguka baharini, kinachomwokoa kwanza ni alichovaa

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alikuja kliniki kupima shinikizo la damu. Dawa anameza kila siku, chumvi amepunguza, lakini vipimo vilikuwa vimepanda. Nilipomuuliza kama anapata usingizi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, mwanangu ameanza kwenda dago. Usiku wa upepo silali."

Kijana wake ni baharia kwenye mashua ya tanga, nao hukaa siku kadhaa wakivua mbali na nyumbani. Mama akatoa simu na kunionyesha picha ya kifaa kidogo cha manjano. "Wanasema mtu akianguka majini, hiki kinaita satelaiti. Bei yake ni kubwa. Nikiuza mbuzi wangu nimnunulie, nitalala?"

Nikamuuliza, "Mama, jaketi okozi analo?" Akasema chomboni yapo mawili, yamefungwa kwenye kona chini ya nyavu. Mabaharia ni saba.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Leo namjibu kwa kirefu, pamoja na kila mzazi au mke ambaye mtu wake yuko majini usiku huu.

Mwili hausubiri

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama duniani kote. Sisi madaktari wengi wao hatuwaoni kabisa, maana hawafiki hospitali. Kuzama ni ugonjwa wa dakika chache.

Mtu akianguka ghafla, jambo la kwanza analofanya bila kutaka ni kuvuta pumzi kwa nguvu. Kama uso uko chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Kwenye bahari za baridi mshtuko huu ni mkali sana na unaweza kuua hata mwogeleaji hodari. Bahari yetu ina joto, kwa hiyo mshtuko ni mdogo, lakini yapo mengine. Huenda amegongwa kichwa kabla ya kuanguka, au amechoka kwa kazi ya usiku kucha, na nguo nzito zinamvuta. Tena maji yetu, hata yakiwa na joto la nyuzi 27, bado ni baridi kuliko mwili wenye nyuzi 37, na maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi kuliko hewa. Akikaa humo saa nyingi, mikono inalegea na akili inachoka.

Anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwa sababu mdomo unaohitaji kuvuta hewa hauna nafasi ya kuita. Ubongo ukikosa oksijeni, baada ya dakika nne hadi sita huanza kupata madhara ambayo mara nyingi hayarekebishiki.

Sasa tazama chombo. Mashua inayokwenda maili 5 za baharini kwa saa huacha nyuma mita 150 kila dakika. Kwa umbali huo, katikati ya mawimbi, kichwa cha mtu ni kama nazi inayoelea. Ukigeuka kufunga kamba, ukimtazama tena humwoni. Na chombo cha tanga hakina breki: lazima tanga litue au chombo kigeuzwe, na hayo yote yanakula dakika.

Hodari naye huanguka

Vijana wetu hupenda kusema, "Mimi nimezaliwa baharini." Ufaransa ilikuwa na baharia aliyeitwa Éric Tabarly. Mwaka 1964, na tena mwaka 1976, alishinda mashindano ya kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa tanga. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1998, akiwa na miaka 66, alikuwa kwenye bahari iliyo kati ya Wales na Ireland akisaidia kubadilisha tanga. Boriti linaloshika tanga, mfano wa foromali ya jahazi letu, lilimgonga likamtupa majini. Hakuwa amevaa jaketi wala kujifunga kamba ya usalama. Wenzake hawakumpata. Mwili wake ulipatikana na wavuvi zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Mwaka 2014, katika mashindano ya kuzunguka dunia yaitwayo Clipper, baharia mmoja alianguka katika Bahari ya Pasifiki kwenye mawimbi makubwa na baridi. Alikaa majini zaidi ya saa moja, wakampata hai. Alikuwa amevaa suti ya kuzuia maji na jaketi lililomwelesha, na kwenye jaketi kulikuwa na kifaa kidogo kilichotuma mahali alipo kwenye skrini ya chombo chake.

Vyote vitatu alikuwa navyo mwilini wakati anaanguka. Suti ilimkinga na baridi, jaketi likamweka juu, na kifaa kikawaambia wenzake wamtafute wapi. Kama kisingekuwapo kile cha pili, kile cha tatu kingewaongoza kwenye maiti.

Hata hivyo tusiabudu vifaa. Mwaka 2017, katika mashindano hayohayo, baharia mwingine alikuwa amejifunga kamba ya usalama kama inavyotakiwa. Alipoanguka, kulabu ya kamba ilikwama vibaya, ikavutwa kwa ubavu, ikapinda na kufunguka. Wenzake walimpandisha chomboni baadaye, lakini hakupona. Kifaa ni chuma na plastiki, na kinaweza kushindwa.

Vifaa hivi vinafanya nini?

Nitaeleza kwa lugha nyepesi, ili usinunue jina.

Kifaa alichonionyesha mama kinatuma ishara kwa mfumo wa satelaiti uitwao Cospas-Sarsat, ulioanza kazi mwaka 1982 kwa ushirikiano wa Kanada, Ufaransa, Marekani na iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Ishara inapokelewa juu, inashushwa kwenye kituo cha nchi kavu, kisha inafikishwa kwa kituo cha uokoaji kilicho karibu, nacho kinatafuta chombo cha kutuma. Umeokoa watu wengi sana. Lakini lazima kifaa kisajiliwe, mara nyingi lazima mvaaji akiwashe mwenyewe, na msaada huja baada ya saa, si dakika. Anayeweza kungoja ni yule anayeelea tu.

Kifaa cha aina ya pili, kama kile cha mwaka 2014, kinatumia mfumo wa AIS, ambao meli hutumia kuonana. Kinawaambia walio karibu, ndani ya maili chache. Lakini chombo chako, au cha jirani, lazima kiwe na mashine ya kupokea. Bila hiyo, mwanao anawaita watu wasio na masikio.

Aina ya tatu huvaliwa kama saa. Baharia akitoka mbali na chombo, kengele inalia, na kama kuna injini, inaweza kuzimika yenyewe. Ni nzuri kwa anayebaki macho peke yake usiku, wenzake wakiwa wamelala.

Vyote hivi ni vifaa vizuri, na natamani siku moja kila chombo chetu kiwe navyo. Lakini hakuna hata kimoja kinachoinua pua ya mtu juu ya maji. Kazi hiyo ni ya jaketi okozi.

Jaketi gani?

Kwa mvuvi wa pwani yetu napendekeza la sponji kuliko lile linalojazwa gesi na kichupa. La gesi ni jepesi, lakini kichupa kinahitaji kukaguliwa na kubadilishwa, na ndoana moja inaweza kulitoboa. La sponji halingoji kitu chochote lifanye kazi.

Angalia lebo. Nguvu ya kuelesha huandikwa kwa Nyutoni, yaani N. Lenye 50N linamsaidia mwogeleaji aliye macho na aliye karibu na msaada, ila usitegemee limgeuze aliyezimia. Anayekwenda mbali atafute 100N au zaidi, ambalo limetengenezwa kuweka uso juu. Liwe na filimbi na vibandiko vinavyong'aa tochi ikimulika, na mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisimtoke kichwani. Alijaribu kwenye maji ya kina kifupi akiwa amelivaa. Asilifanye mto wala kiti, kwa sababu sponji iliyokandamizwa hupoteza nguvu.

Najua malalamiko: lina joto, linabana, wenzake watamcheka. Kama hawezi kulivaa saa zote, basi asilikose usiku, upepo ukiwa mkali, wakati wa kupandisha au kutua tanga, na anapokwenda ukingoni kujisaidia.

Jirani wa jaketi ni kamba ndefu inayoelea, imefungwa dumu tupu lenye kifuniko kilichokazwa, ikae mahali ambapo mkono unaifikia gizani. Ni kifaa cha bei ya chini kabisa katika makala hii. Mtu akianguka, mmoja apige kelele, dumu litupwe hapohapo, na mmoja apewe kazi moja tu: kumnyooshea kidole aliyeanguka bila kuondoa macho. Wengine wageuze chombo. Asiruke mtu wa pili, maana mara nyingi ndipo tunapozika wawili. Tena mtu aliyelowa na kuchoka ni mzito kuliko wanavyodhani, kwa hiyo wawe na kamba yenye kitanzi cha kukanyagia, na wafanye mazoezi mchana bahari ikiwa shwari.

Akitolewa majini

Mlazeni chali. Kama hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo kutoa maji. Hilo linapoteza muda na linaweza kumfanya atapike na matapishi yaingie kwenye mapafu. Kilichomuua nusu ni kukosa hewa, basi mpeni hewa. Inueni kidevu, mbaneni pua, pulizeni mdomoni pumzi 5 mkiona kifua kinainuka. Akiwa bado hazinduki, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi 2, na mwendelee hivyo huku chombo kikielekea nchi kavu.

Akizinduka, mvueni nguo za maji na kumfunika. Yeyote aliyezimia, anayekohoa au kuhema kwa shida apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuharibika taratibu saa chache baadaye.

Kwa wagonjwa wangu

Wapo wasiopaswa kupanda chombo kabla ya kuzungumza na daktari. Mwenye kifafa ambacho hakijatulia yuko katika hatari kubwa ya kuzama, na jaketi peke yake halitoshi. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kuishiwa sukari akiwa ukingoni. Baadhi ya dawa za mafua na mzio huleta usingizi. Na pombe, msomaji wangu, huanza kuzamisha kabla mtu hajafika majini. Usimfiche nahodha ugonjwa wako. Na nahodha usimfukuze mtu kwa kusema kweli. Mpe kazi ya nchi kavu.

Nani alipe?

Hapa ndipo nina neno na wenye vyombo. Tanga likichanika, linashonwa kwa fedha ya chombo. Nyavu vilevile. Kwa nini jaketi la baharia liwe mzigo wa mama yake? Likatwe kwenye fungu la chombo kabla ya mgao, idadi ya majaketi ilingane na idadi ya vichwa, na yatolewe chini ya nyavu. Wakaguzi wa vyombo nao, wanapohesabu majaketi bandarini, watazame pia kama watu wameyavaa.

Na wewe mzazi, usidharau sauti yako. Kijana anaweza kumbishia nahodha, lakini swali la mama mlangoni humfuata hadi baharini: "Jaketi lako liko wapi?" Liulize kila safari. Hata unapopanda boti na watoto wako kwenda harusini, uliza jaketi la saizi ya mtoto kabla ya boti kung'oa nanga.

Mama yule alirudi juzi kupima tena. Hakununua kifaa cha satelaiti. Aliuza mbuzi, akanunua majaketi mawili, moja la mwanae na jingine la kijana wanayelala naye zamu. Mwenye chombo alipoona, ameahidi kununua matatu yaliyobaki, nami nangoja kusikia kama ametimiza. Shinikizo lilikuwa limeshuka kidogo. Nilimwambia aendelee na dawa, kwa sababu bahari bado ni bahari. Akacheka, akasema, "Sasa nasinzia, daktari. Kulala bado."