CHUMVI IKIZIDI, CHUMVI IKIPUNGUA

Kila mpishi anajua kwamba chumvi huukoleza mchuzi, na ikizidi huuharibu. Kumbe hata vijimwani visivyoonekana kwa macho matupu vina mambo hayohayo!

Mwaka jana sisi wanachama wa Chama cha Sayansi tulikuza spirulina katika beseni. Mambo yalikuwa shwari hadi likizo. Jua likawaka, maji yakapungua, chumvi ikabaki palepale. Tuliporudi, kijani kilikuwa kimegeuka manjano. Wenzangu wakasema, eti mbegu ilikuwa mbovu. Mimi nakataa katakata. Kosa lilikuwa letu: hatukuongeza maji baridi wala kupima chumvi.

Spirulina huyapenda maji ya magadi. Ndiyo maana humea katika maziwa kama Nakuru na Bogoria na kuwalisha heroe. Ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake huwa protini. Lakini chumvi ikipita kiasi, hutumia nguvu zake kujikinga badala ya kukua. Protini hupungua na wanga huongezeka. Tena chumvi ikipungua mno pia ni balaa. Ziwa Nakuru lilipofurika katika miaka ya 2010, maji yalizimuliwa, spirulina ikaadimika, na heroe wengi wakahama.

Hata hivyo, si kila mwani ni sawa. Uko uitwao Dunaliella salina, mkazi wa mabwawa ya chumvi. Huo ukitiwa chumvi kali hukua polepole, lakini hujaza betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huko Australia huulimwa katika mabwawa ya Hutt Lagoon.

Kwetu nyumbani kipo kisima cha maji ya chumvi. Mahindi yakinyweshewa hunyauka, na watu husema maji yale ni laana. Mimi nasema, jamani, laana ni kutopima! Anayetaka protini na anayetaka vitamini hawatatia chumvi sawa.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu: kabla ya kununua mbegu nyingine, tununueni kipimo cha chumvi. Nanyi wenzangu, wakati wa likizo tupeane zamu ya kulitazama beseni. Tusipofanya hivyo, mwaka ujao tutailaumu tena mbegu isiyo na hatia.