Jembe Peke Yake Halimtoshi Mgeni

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya misingi ya Ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya asili ukarimu na kazi vilikwenda pamoja. Tangu wakati huo kila tunapoirudia methali hii tunakazia siku ya tatu, yaani siku ya jembe, na ni haki tufanye hivyo kwa sababu uvivu na unyonyaji ni maadui wa maendeleo. Walakini methali hii ina sehemu mbili. Siku mbili za mwanzo, siku za mkeka, maji ya kunawa na chakula, nazo zimetajwa, tena zimetajwa kwanza. Mwenye kutaka kujua thamani ya siku mbili hizo na awaulize ndugu zetu waliopata kuishi katika nchi za Kaskazini ya Ulaya wakati wa majira ya baridi, hasa katika juma la Krismasi.

Nchi hizo si ngeni kwetu. Kituo cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Serikali yetu kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, vilifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Huku kwetu Tanga, mtambo mpya wa umeme wa Maporomoko ya Pangani, wenye nguvu ya megawati 68, uliokamilika mwaka 1995, ulijengwa kwa msaada wa Finland, Norway na Sweden. Kwa njia ya ushirikiano wa namna hiyo walimu, wauguzi, mafundi na wanafunzi wetu wengi wamekwenda huko kusoma na kufanya kazi, na hata leo wapo wanaokwenda. Hivyo basi, habari ya baridi ya huko si hadithi ya kuchekesha barazani. Inahusu maisha ya watu tunaowatuma wenyewe.

Watu wa pwani walianza zamani kuijua baridi ya Kaskazini. Selim bin Abakari alisafiri mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli. Lakini msafiri hupita. Mtu anayekwenda kukaa miaka mitatu au minne hupambana na jambo jingine, nalo ni giza.

Mtu aliyezaliwa Pangani amezoea jua linalochomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Mjini Helsinki, tarehe 21 au 22 Desemba, jua huchomoza yapata saa 3.25 asubuhi na kuchwa yapata saa 9.15 alasiri, yaani mchana haufiki hata saa sita. Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kijana wa Kiislamu kutoka pwani hujikuta akiswali Magharibi kwa saa ambayo nyumbani mwadhini hajaadhini Alasiri. Huenda kazini gizani, akarudi gizani, na mwanga wa mchana akauona kupitia dirisha la ofisi au darasa. Theluji yenyewe humfurahisha siku za kwanza, kwa kuwa aliijua kwa kuitazama tu juu ya kilele cha Kilimanjaro. Giza ndilo linalomlemea mwili na roho.

Ni wajibu wetu kusema kweli kuhusu namna wenyeji wa huko walivyojipanga. Hawaisubiri baridi kama jambo la ghafula. Nyumba zao zina madirisha ya vioo viwili au vitatu, na katika miji mingi maji ya moto husafirishwa kwa mabomba kutoka kituo kimoja hadi katika majumba ili kuyapasha joto. Nchini Finland na Sweden sheria inawataka wenye magari wabadili matairi majira hayo yanapofika. Theluji huzolewa barabarani kabla watu hawajakwenda kazini, na shule haifungwi kwa sababu ya theluji ya kawaida. Watoto wadogo huvikwa vizuri wakatolewa nje kucheza. Wao husema kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, ila nguo mbaya.

Mgeni naye huingizwa katika mpango huo. Akiwa mfanyakazi hulipwa ujira kama wenzake, akiwa mwanafunzi hupata chumba chenye joto na maktaba iliyo wazi, na akiwa mkazi aliyeandikishwa huhudumiwa hospitalini kama mwenyeji. Kwa maneno ya methali yetu, jembe hupewa tangu siku ya kwanza, tena jembe lenye mpini imara. Zile siku mbili za mkeka ndizo asizoziona.

Upungufu huo huwa haumsumbui sana maadamu kazi inaendelea. Hudhihirika Krismasi inapofika. Katika nchi zile sikukuu hasa huwa jioni ya tarehe 24 Desemba. Majuma manne kabla yake mishumaa huwashwa na nyota za karatasi zenye taa huning'inizwa madirishani. Nchini Sweden, tarehe 13 Desemba, wasichana waliovaa kanzu nyeupe huimba wakiongozwa na mmoja wao mwenye taji la mishumaa kichwani. Saa 6 mchana wa tarehe 24, mjini Turku nchini Finland, husomwa hadharani tangazo la amani ya Krismasi, na jioni watu huwasha mishumaa juu ya makaburi ya wazee wao. Ni desturi zenye heshima na uzuri, na mtu yeyote mwenye macho hawezi kuzidharau.

Baada ya hapo maduka hufungwa, mabasi hupungua, na kila mmoja huenda kwa jamaa zake. Nyumbani huliwa nyama ya nguruwe au samaki, na uji mzito wa mchele na maziwa ambao ndani yake hufichwa lozi moja. Mikate mitamu hutiwa iliki na mdalasini, na karafuu huchomekwa katika machungwa. Mtoto wa Tanga apitapo penye ngazi za jumba analokaa hunusa viungo vile vile vinavyolimwa katika milima ya Amani na katika visiwa vya Unguja na Pemba. Harufu ni ya kwao, bali milango imefungwa. Barabarani hakuna mtu. Yeye huingia chumbani mwake, akapika wali wake, akala peke yake, na kesho yake hali ikawa hiyo hiyo.

Wako wanaorudi na kusema kwamba watu wa huko wana roho mbaya, au kwamba ni ubaguzi mtupu. Ubaguzi upo duniani na hatuna haja ya kuuficha, lakini mlango uliofungwa usiku wa Krismasi hautokani nao peke yake. Kule mtu haendi nyumbani kwa mwingine bila kualikwa, na mwenyeji huona haya kumwalika mtu ambaye huenda ana shughuli zake. Aidha, wapo wenyeji wengi walio wapweke vile vile. Nchini Finland zaidi ya kaya nne katika kila kumi ni za mtu mmoja, na makanisa pamoja na watu wa kujitolea huandaa chakula cha Krismasi kwa ajili ya wasio na wa kukaa nao. Basi mgeni wetu asidhani kwamba amefungiwa yeye tu. Nyuma ya ukuta wa chumba chake huenda yupo bibi mzee, mwenyeji wa nchi hiyo, anayekula peke yake kama yeye.

Sasa tuitazame Desemba ya Pangani. Vuli inakwisha, upepo wa kaskazi unaanza, maembe yameiva, na joto linawatoa watu vyumbani wakae barazani. Wilaya yetu ni ya Waislamu kwa wingi, lakini tangu enzi za mashamba ya mkonge wamekuwapo wakristo kutoka bara, na leo wapo walimu, waganga na watumishi wengine waliopangiwa kazi hapa kutoka Kagera, Ruvuma au Mbeya. Mwalimu wa Mkwaja au mtumishi wa zahanati upande wa Bweni ambaye nauli ya kwenda kwao haikutosha hana jamaa hapa. Hata hivyo siku ya Krismasi majirani wasiokwenda kanisani huja kumpa mkono wa heri, na watoto wao huja kudai sikukuu. Idi ikifika, sinia lililofunikwa kawa hupelekwa kwake kabla mwenye nyumba hajaanza kula. Mwaka 2000 Idi el Fitri na Krismasi zilipoangukia juma moja, desturi hiyo ilipata maana iliyo wazi zaidi. Hapakutolewa waraka wala hapakuundwa kamati. Ni mila, na mila hiyo ni akiba ya taifa kama ilivyo akiba ya fedha.

Hata hivyo tusijisifu tukasahau nusu ya pili ya methali. Mara ngapi mtumishi mpya amelakiwa kwa pilau, kisha akakosa nyumba ya kukaa karibu na shule? Mara ngapi mzee amesalimiwa kwa heshima na kijiji kizima, na hana uhakika wa chakula cha kesho? Sweden ilitunga sheria ya pensheni kwa wananchi wote mwaka 1913, wakati nchi hiyo haikuwa tajiri kama ilivyo leo. Kwetu, Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, na huo ni mfano mwema kutoka katika ardhi yetu wenyewe. Ukarimu wa majirani usigeuzwe kisingizio cha wenye madaraka kukaa bila mpango. Mkeka ni kazi ya jirani. Mpini wa jembe ni kazi ya Halmashauri na Serikali.

Kwa hiyo tunayo mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, wizara, vyuo na mashirika yanayopeleka watu Kaskazini ya Ulaya yawaandae kwa ukamilifu. Kumpa mtu tiketi na barua hakutoshi. Aelezwe habari ya giza, apewe fedha ya nguo kabla hajafika, na ashauriwe kumwona daktari kuhusu vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kuitengeneza na jua lenyewe halipo. Zaidi ya yote afundishwe kwamba katika nchi zile milango ya nyumba hufungwa, lakini milango ya vyama iko wazi. Wenyeji hukutana katika kwaya, katika michezo na katika duara za kujisomea. Anayejifunza lugha yao na kujiunga mapema na chama kimoja, Desemba itamkuta ana watu wanaomjua kwa jina. Ubalozi wetu ulioko Stockholm, ambao unashughulikia nchi hizo, pamoja na jumuiya za Watanzania walioko huko, waifanye jioni ya tarehe 24 kuwa siku ya kuwakusanya waliofika karibuni, wawe Waislamu au Wakristo.

Pili, sisi tuliobaki nyumbani tubadili mwenendo wetu. Desemba ndio mwezi wa kutayarisha sare, madaftari na nauli za Januari, na kwa ndugu aliye Ulaya ndio mwezi ambao simu hazikatiki, kila moja ina ombi. Si vibaya kumwomba ndugu msaada. Ni vibaya kumkumbuka kwa ajili ya fedha tu, wakati yeye amekaa gizani na hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Mama wa Pangani ampigie mwanawe siku hiyo amsimulie habari za maembe, za kaskazi na za nani kaoa, kisha akate simu bila kuomba kitu. Hilo ndilo sinia tunaloweza kulivusha bahari.

Tatu, walimu na watumishi wenzetu tuilinde desturi ya kumpokea mgeni katika vituo vyetu vya kazi. Siku hizi katika miji yetu kuta zinainuka na mageti yanafungwa, na hatuwezi kusingizia theluji. Shule inapompokea mwalimu mpya, siku mbili zake apewe kwa ukamilifu. Aonyeshwe njia, apate wa kumpikia, na ajulishwe kwa wazee wa mtaa. Siku ya tatu apewe jembe, lakini liwe jembe lenye mpini, yaani nyumba, vitabu na mshahara unaofika kwa wakati.

Wenzetu wa Kaskazini wametuonyesha kwamba taifa linaweza kuushinda msimu mgumu kwa mpango, nasi hatuna budi kujifunza hilo bila kuona haya. Wanaporudi kwao vijana wao wanaokuja kwetu kujitolea, wao nao hueleza jinsi walivyokaribishwa kula na watu wasiowajua. Kila upande una somo la kumpa mwenzake, nasi tusije tukalipoteza letu wakati tunajifunza lao.