Anayeuza nyumba afungue mlango mchana

Na Mwanahamisi Kibwana

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Wenye nyumba wamefikishwa hapo na watu wanaoletwa kukagua mali ambayo haijawahi kuingia sokoni. Katika mji wa namna hii, hata mwenye nia ya kweli ya kuuza huanza akiwa haaminiki.

Cha kusikitisha, wengi wanauza kwa mwendo uleule wa matapeli. Dalali anapiga simu magharibi, analeta mtu mmoja, kesho mwingine. Kila mmoja keshatozwa hela ya kuonyeshwa, kila mmoja katajiwa bei yake. Chumba kimoja kimefungwa, ufunguo haujulikani uliko. Ushauri wangu ni kuchagua Jumamosi moja, kutangaza, na kuacha mlango wazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, waje wote. Bei iwe moja, na aitaje mwenye nyumba mwenyewe. Dalali atapata kamisheni yake mkishauziana.

Katika maandalizi, watu hukimbilia rangi. Lakini ukuta ulioliwa na chumvi, kama zilivyo kuta nyingi za pwani, hauponi kwa rangi. Unyevu hupanda kutoka chini, plasta inavimba, ukiigusa inamomonyoka mkononi. Ibandue upige nyingine, au iache ionekane na bei ilizingatie hilo. Mnunuzi akigundua doa moja lililofichwa, ataanza kushuku hadi paa. Siku hiyo fungua mabomba yote, washa taa, funua shimo la maji taka useme lilinyonywa lini. Kisha zunguka naye kiwanja hadi kwenye mawe ya mipaka, na majirani wakikubali kuwepo, ni bora zaidi.

Mezani weka nakala ya hati. Ile halisi isitoke mikononi mwako. Anayetaka kununua aende kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, na usichukizwe nalo, ni haki yake. Weka pia stakabadhi za pango la ardhi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na wapo wanaodhani hapo wameshamaliza kila kitu, kumbe pango ni deni jingine kabisa.

Kubwa kuliko yote ni mwenzi wako. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi makini atataka kumwona na kumsikia, hataridhika na kuambiwa tu kwamba amekubali. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako mazungumzo hayo hayajafanyika, usitangaze chochote kwanza.