Moto Ukizuka, Nani Nahodha Nyumbani Kwako?

Hebu fikiria, msomaji wangu, kwamba mnaishi Ruiru, orofa ya tatu. Mnasubiri chakula cha jioni, mara harufu ya gesi inatanda nyumba nzima. Baba anapaza sauti, “Fungueni madirisha!” Mama anasema, “Tokeni nje!” Shangazi naye anaagiza taa iwashwe ili mtungi uonekane. Watoto wameduwaa, hawajui wamtii nani. Yule akimtii shangazi, cheche moja ya swichi yatosha kuwamaliza nyote.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii sote twaijua, lakini janga likibisha hodi twaisahau. Hata wakubwa huisahau. Magaidi walipovamia jumba la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, na kuua watu 67, polisi na wanajeshi walioingia kuokoa hawakuwa chini ya amri moja. Afisa mmoja wa polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi. Ushujaa ulikuwepo, kilichokosekana ni sauti moja.

Je, yamaanisha kiongozi bora ni dikteta? La hasha! Kila wakati una uongozi wake. Kabla ya janga, shauriana na kila mtu, hata mtoto mdogo. Janga likifika, hakuna kikao: mmoja atoe amri fupi, wengine watii. Likishapita, kaeni tena msikilizane, na aliyeamuru akubali kukosolewa.

Na huyo mmoja ni nani? Hapa ndipo akina baba wengi hukwama. Si lazima awe mkubwa wa nyumba. Ikiwa binti yako wa kidato cha tatu amefunzwa huduma ya kwanza na chama cha skauti shuleni, basi siku ndugu yake akiungua, mwache aamuru. Heshima yako haitapungua hata chembe.

Ndivyo ilivyo barabarani pia. Matatu ikipinduka kwenye barabara kuu ya Thika, usilie tu, “Pigeni simu jamani!” Kila mtu atadhani mwenzake amepiga. Mwelekezee mtu kidole: “Wewe kijana mwenye koti jeusi, piga 999 au 112, kisha urudi uniambie walivyosema.” Mwingine mtume asimamishe magari yanayokuja.

Basi leo baada ya chakula, nyote mkiwa mezani, amueni. Nani atafunga mtungi iwapo anaweza kuufikia salama? Nani atambeba mtoto? Mtakutana wapi nje mhesabiane? Na nani atakayesema, wengine wanyamaze?

Dakika kumi za mashauriano leo zaweza kuokoa maisha siku ambayo hakutakuwa na hata moja ya kubishana. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.